Wakipatana, Je, Rufani Ikome?

Tufikiri habari ya jirani wawili wa Ujiji wanaogombea shamba la michikichi. Mmoja ameshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba, akakata rufani Mahakama Kuu, huko Kigoma, kisha wakapatana. Je, ni haki rufani ikome, asijulikane aliyekuwa na haki?

Twasema, ni haki. Maana mahakama iliwekwa kukata ugomvi wa watu, nao ukiisha haina la kukata. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 yakubali mapatano halali, yaandikwe na kuwa amri.

Walakini tuangalie sana. Rufani ikiondolewa tu pasipo kuandika masharti, hukumu ya kwanza yasimama vile vile. Naye aliyeahidi kugawana shamba aweza kuigeukia kesho. Tena mwenye mali huweza kumchosha mnyonge kwa nauli na siku nyingi, hata aseme, "Basi." Hayo si mapatano, ni kushindwa mara ya pili.

Kwa hiyo mpatanishi asiwaharakishe watu. Kwanza na aulize kila mmoja peke yake: Umekubali kwa hiari? Wajua unachokiacha? Ndipo mapatano yaandikwe.