Sauti Ipi ya Zamani?

Ziko nyumba nyingi katika nchi ya Ugogo, tangu Kongwa hata Manyoni, ambamo pamoja na picha ya arusi na jembe lililoliwa na ardhi limehifadhiwa kasha la mbao lililovikwa kitambaa usoni. Ndani yake imo spika moja, au mbili, za miaka ya 1960 au 1970. (Wasomaji wetu wa Dodoma watuwie radhi: hatumsemi Spika wa Bunge, bali kile chombo cha koni na sumaku kitoacho sauti ya redio na ya santuri.) Kasha hilo sasa limenyamaza, au likisema lakwaruza kama mtu mwenye mafua. Hatimaye mtoto wa nyumba hulibeba mpaka kwa fundi, naye hutoa agizo fupi sana: "Lirudishe kama zamani."

Agizo hili ni jepesi kulitamka. Lakini twaona kwamba ndani yake mna swali gumu, na tena mna haki ya mtu ambayo yaweza kupotea bila kelele.

Yafaa kwanza tukitazame chombo chenyewe. Asili ya spika tuijuayo haijabadilika sana tangu Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walipoieleza kazi yao mwaka 1925. Koili ya waya mwembamba imening'inia katika ufa wa sumaku. Umeme wa sauti ukipita ndani yake, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Nayo huichukua koni ya karatasi, na koni huisukuma hewa mpaka masikioni mwetu. Ufa huo ni mwembamba mno. Kwa kawaida nafasi iliyo kati ya koili na sumaku haifiki hata milimita moja. Sasa fikirini vumbi la Dodoma. Tangu Mei hata Novemba mvua haijulikani huko, na upepo hupita uwandani ukiokota kila kilicho chepesi. Kile kifuniko kidogo cha katikati ya koni kikitoboka, vumbi huingia ufani, na koili huanza kusaga. Tena ile sponji iliyoushika ukingo wa koni, ambayo viwanda vingi viliitumia katika miaka ya 1970, huoza yenyewe baada ya miaka ishirini hivi, hata kama haikuguswa na mtu. Ukiitia kidole hubaki unga, au ute mweusi unaonata. Kapasita nazo hukauka. Chombo hiki hafi kama mtu apigwaye na radi; hufa kama mzee, mahali pengi kidogo kidogo.

Fundi mwema huanza kwa vidole. Huisukuma koni taratibu, ameinamisha sikio, apate kusikia kama kuna mkwaruzo. Huigusisha kwa betri ndogo ya volti 1.5 ajue upande wa chanya, maana spika mbili zikifungwa kinyume, moja ikaenda mbele wakati mwenzake yarudi nyuma, besi hupotea, na mwenye nyumba hudhani ameibiwa. Hukwangua gundi ya kale, hubandika sponji mpya, na kama koili imeungua huisuka upya, mzingo kwa mzingo, kwa waya wa unene ule ule. Kazi hiyo yaweza kuchukua siku mbili, na malipo yake mara nyingi ni ya kuaibisha. Wateja hulipa bei ya kipuri bila neno, kisha hugombana na fundi juu ya ujira wa mikono yake, kana kwamba mikono hiyo ilijifunza bure. Jambo hili lingetosha kuwa makala peke yake.

Turudi kwenye agizo. Lirudishwe kama zamani: zamani ipi? Spika itokapo kiwandani ina sauti moja. Baada ya miaka kumi sponji imelegea, karatasi imeshuka kidogo, nayo ina sauti nyingine. Baada ya miaka ishirini ina ya tatu. Baba aliyeinunua mwaka 1974 aliisikia ile ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1985 hakuisikia kamwe. Sauti aikumbukayo yeye, iliyokuwa ikitoka sebuleni Jumapili jioni, ilikuwa sauti ya chombo kilichokwisha kuchakaa. Basi fundi akiifanya kazi yake kwa ukamilifu, akarudisha kila kipimo cha kiwanda, mtoto atasikiliza na kusema kwa huzuni, "Hii siyo." Naye atakuwa amesema kweli. Na fundi akimjibu, "Ndiyo hii hasa," naye pia atakuwa amesema kweli.

Nani ana haki hapa? Wengine watasema mwenye mali ndiye mwamuzi. Akitaka mkwaruzo, apewe mkwaruzo. Sisi hatuoni hivyo moja kwa moja, kwa sababu spika haina sauti yake. Hiyo ndiyo fahari yake na ndiyo kazi yake: kuchukua sauti ya mwingine. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kuizunguka redio, wakajifunza habari za malaria na kuhara na maji safi. Katika mikutano ile hakuna aliyekuja kuisikiliza redio kwa ajili ya redio. Vivyo hivyo mtu akiweka leo nyimbo za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, mwimbaji yule naye ana dai lake juu ya kasha lile. Aliimba hivyo alivyoimba. Si haki kumfanya aimbe kwa pua kwa sababu sisi tumezoea.

Hata hivyo usafi wa sauti usigeuzwe kuwa sanamu. Ilimba ya Wagogo, ile aliyoipiga Zawose, ina tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui ili kusudi sauti itoke na mvumo juu yake. Wazee waliuweka mvumo ule makusudi. Waliuona ni sehemu ya uzuri. Fundi asiyeijua ilimba, akiijaribu spika kwa wimbo kama huo, aweza kudhani ugonjwa haujaisha, akaifungua tena chombo kizima. Kumbe mvumo mmoja ni kasoro na mwingine ni sanaa, na hakuna kipimo cha umeme kitakachomwambia ni upi. Yampasa amjue mwimbaji.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kiungo kifanyacho kazi, yaani koili, ukingo, kapasita, kirudishwe kadiri iwezekanavyo kama kilivyokusudiwa. Kovu lisilodhuru liachwe. Ile alama ya moto wa kibatari juu ya mbao, kitambaa kilichofifia, mkwaruzo wa ufunguo wa baba: vitu hivi havimzuii mwimbaji asisikike, na ndani yake kumbukumbu ya nyumba ina makao ya haki. Twasikitika kila tuonapo fundi hodari amelipiga kasha msasa na vanishi mpaka likang'aa kama jeneza jipya, huku koili ndani bado yasaga.

Lakini mtu atauliza: ikiwa koni ni mpya, na ukingo ni mpya, na koili imesukwa upya, je, hiyo bado ni spika ya baba? Swali hili ni la kale. Plutarch ahadithia merikebu ya Theseus iliyotunzwa na Waathene, ubao uliooza ukitolewa na mpya ukitiwa mahali pake, hata wenye hekima wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile na hawa wakisema siyo. Mkulima wa Bahi hana haja ya kwenda Athene. Analo jembe ambalo mpini wake umebadilishwa mara nne na bamba lake mara mbili, naye bado huliita jembe la babu. Twadhani mkulima huyu ana haki, kwa sharti moja, kwamba kila badiliko lilifanywa mbele ya watu wa nyumba. Kitu kibadilikacho machoni pa wenyewe hubaki chao, kwani historia yake yajulikana na yaweza kusimuliwa. Kitu kilichobadilishwa gizani kimekuwa kingine, hata kama umbo lake na jina lililobandikwa nyuma yake ni yale yale.

Hapo ndipo pana hatari. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya kuuza na kununua, alitofautisha kilema kionekanacho na kilema kilichofichika. Farasi mwenye jicho moja kila mtu amwona. Muuzaji akipunguza bei kwa haki, halazimiki kupiga mbiu. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hatari au hasara, yapasa kusemwa. Koili ya bei rahisi ndani ya spika yenye jina kubwa ni kilema cha namna ya pili. Mwenye mali haioni, na huenda asiijue mpaka siku atakapotaka kuuza, au siku itakapoungua. Fundi akisema, "Nilikosa ile ya asili, nimetia hii, na bei yake ni hii," hakumdhulumu mtu. Akinyamaza amemdhulumu, hata kama sauti ni nzuri.

Yuko na mtu mwingine ambaye twapenda kumtaja. Sumaku za spika nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Shaba, katika Zaire ya wakati ule. Mwezi Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, bei ya kobalti ikapanda mno, na watengenezaji wengi wa spika wakaziacha sumaku zile wakashika za feriti. Leo wako watu Japani na Ulaya wanaozitafuta spika za sumaku za zamani na kuzilipia vizuri. Tuseme basi mtu ajuaye hayo aingia kijijini, amkuta mama mjane mwenye kasha bovu, naye asema, "Mama, hili ni la kuni tu, lakini nitakusaidia." Amlipa bei ya kuni. Je, amekosa?

Atajitetea kwamba maarifa yake yamemgharimu, kwamba alisafiri, kwamba mama mwenyewe aliridhika. Twakubali kwamba maarifa na safari vyastahili faida. Ila Tomaso ana mfano uliomwelekea mtu huyu hasa: muuzaji adhaniaye kwamba dhahabu yake ni shaba, na mnunuzi ajuaye. Asema mnunuzi huyo amenunua kwa udhalimu, naye yampasa kurudisha. Kuridhika kwa mama hakumsafishi mnunuzi, kwa kuwa aliridhika na kuni, naye hakuuza kuni. Ni kiasi gani hasa akirudishe, baada ya kutoa nauli na ujira wake, hilo laweza kubishaniwa na watu wenye nia njema. Lakini lile neno "la kuni tu" halina ubishi. Ni uongo, na ulisemwa kwa mtu aliyeitwa mama.

Twawashauri mafundi jambo moja dogo, ambalo baadhi yao hulifanya tayari. Kazi ikiisha, andikeni kipande cha karatasi: tarehe, kilichobadilishwa, kilichoachwa, na sumaku ni ya namna gani. Kibandikeni ndani ya kasha, mahali ambapo mrithi atakayelifungua baada ya miaka thelathini atakiona. Na koni ya zamani, hata ikiwa imechanika, msiitupe kabla ya kumwuliza mwenyewe. Wako watakaoitaka irudi nyumbani pamoja na kasha. Gazeti hili, likiisha kusomwa, lafaa sana kuifungia.