Haki ya Ndege Aliyelalia Mayai Yake

  

Fahamu, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa magharibi ya mlima Kilimanjaro, ukishateremka Sanya Juu, liko bonde pana kame lenye majani mafupi, lielekealo mlima Meru. Wamasai hulisha humo ng'ombe na mbuzi wao. Upande wa Engikaret, karibu na njia iendayo Namanga, yuko ndege mdogo wa rangi ya vumbi, katika jinsi ya kipozamataza, asiyepatikana penginepo popote duniani. Ndugu zake wa karibu wako mbali sana, kusini mwa Afrika. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1966 kwa jina la Beesley. Leo wamekisiwa kuwa hawafiki elfu, nao wamehisabiwa katika viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Ndege huyu hajengi mtini. Hutaga chini, kando ya shina la majani, katika kishimo kidogo ambacho mtu aweza kukikanyaga asijue. Na kwa uchache wake watu humwendea kutoka mbali, na wa pwani wamo, wakichukua kamera na simu zao.

Hapa yako masuala mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni la picha yenyewe. Kuchora kwa mkono na kuchonga sanamu ya chenye roho, maneno ya Imamu Nawawi katika kukataza ni makali, na kila mwanafunzi ameyasikia. Ama picha ya kamera, wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kuihalalisha, akaona kuwa ni kuzuilia kivuli kilichokwisha umbwa na Mungu, wala si kuumba. Wengine wamekataa. Mwenye kufuata kauli moja asimtukane mwenye kufuata nyingine.

La pili ndilo zito, wala halina khitilafu, nalo ni kumuudhi kiumbe pasipo haja. Aliyepewa rukhsa ya picha hakupewa rukhsa ya dhulma.

Abu Daud amepokea kwa Ibnu Masud ya kuwa masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), naye akaenda haja yake. Wakamwona ndege mdogo, mfano wa shomoro, ana makinda mawili, wakayatwaa. Mama akaja akitandaza mabawa juu yao. Mtume aliporejea aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamrisha arejeshewe. Tazama basi: riwaya haikutaja kuchinja wala kuvunja bawa. Lililomchukiza Mtume ni ule uchungu wa mama.

Na mpiga picha atasema, "Mimi sikugusa kitu." Lakini amemwamsha ndege juu ya mayai saa ya jua kali, akalala kifudifudi pale nusu saa akingojea arudi. Jua la nyika ile halina huruma kwa yai lisilo na kivuli. Kunguru naye huona mahali mtu aliposimama, na nguchiro hunusa nyayo. Wako na ndege wengine watagao chini ambao humjia mtu wakiburura bawa kana kwamba limevunjika, ili awafuate wao akiache kiota. Na watu hucheka, wakadhani ni mchezo wa kuwafurahisha!

Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi imeandikwa ya kuwa mwenye mnyama hakami maziwa kwa kadiri ya kumdhuru ndama wake. Naye huyo ni mmiliki, amelisha na kunywesha. Basi vipi yule asiyemiliki wala hakulisha?

Atakaye kumtazama ndege huyu na akae mbali, au ndani ya gari, wala gari isiache njia. Majani yaliyofunika kiota asiyakate apate kuona vyema. Akiona mama anazunguka wala hatui, ajue kuwa yeye ndiye sababu, na aondoke. Wala asitangaze mahali pa kiota kwa wenziwe, kwani ajaye adhuhuri hajui kuwa ndege yule alikwisha amshwa asubuhi.