Jibu ni la Nani?

Katika Persona 3, mchezo wa video uliotolewa Japani na kampuni ya Atlus mwaka 2006, shujaa ni mwanafunzi wa sekondari. Usiku anapambana na vivuli vinavyowinda roho za watu; mchana anakaa kwenye dawati kama wenzake. Siku nyingine mwalimu anamwita ajibu swali. Siku nyingine anayeitwa ni rafiki yake Junpei, ambaye hakuwa akisikiliza, naye anamnong'onezea amsaidie. Majibu yanajitokeza kwenye kioo. Shujaa akichagua lililo sahihi, darasa zima linamtazama kwa jicho jingine, na mchezo unatangaza kwamba mvuto wake umeongezeka.

Mvuto, si maarifa. Hapo ndipo mchezo huu uliponikamata. Maarifa ya yule kijana yanapanda kwa njia nyingine: akikataa kusinzia wakati somo likiendelea, au akirudi chumbani usiku na kufungua daftari badala ya kulala. Waliouunda waliona kwamba kujibu hufanyika mbele ya watu, na kujua hufanyika mtu akiwa peke yake na nafsi yake, wakaviwekea vitu hivyo viwili mizani miwili. Shule zetu zina mzani mmoja tu.

Nilimtazama mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa humanite, hapa Kalemie, akiucheza mchezo huo kwenye simu. Lilikuwa toleo lililotengenezwa kwa ajili ya kifaa cha michezo cha PSP, na programu ya PPSSPP ndiyo iliyoifanya simu yake iweze kulibeba. Alikuwa na simu mbili magotini. Kwenye ya kwanza kulikuwa na mchezo. Kwenye ya pili, ya dada yake, kulikuwa na orodha ya majibu yote, yamepangwa kwa tarehe kuanzia Aprili, mwezi ambao shule hufungua Japani. Swali lilipotokea hakulisoma. Alitazama tarehe iliyoandikwa pembeni, akaiteremsha orodha kwa kidole gumba mpaka akaifikia tarehe ile, akarudi kwenye mchezo na kubonyeza. Shujaa akapongezwa. Nikamuuliza swali lilihusu nini. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

«Sijui, mwalimu. Lakini jibu ni la pili.»

Simlaumu. Alitaka hadithi isonge mbele, na mchezo wenyewe ni wa Kiingereza, lugha aliyoikuta baada ya Kifaransa, na Kifaransa alikikuta baada ya Kiswahili. Ila maneno yale, «jibu ni la pili», nimeyabeba tangu siku hiyo, kwa sababu ni sentensi ambayo imekosa mtu. Jibu lipo, tena ni sahihi. Shujaa amelitoa, lakini shujaa ni picha tu. Kijana amelibonyeza, lakini hakulijua. Aliyeandika orodha, mahali fulani mbali sana, huenda naye alijaribu moja moja mpaka akapata. Basi lile jibu ni la nani?

Sisi Kongo tuna sababu ya kulichukua swali hili kwa uzito. Tangu mwaka 1967 tunao Mtihani wa Taifa, ule tunaouita Exetat, unaofunga masomo ya sekondari. Kwanza mfinalisti anaandika disertasio kwa Kifaransa na kufanya mtihani wa kuzungumza. Kisha inakuja sesio yenyewe, siku nne za itemu: swali, majibu kadhaa chini yake, na moja tu linalokubaliwa. Matokeo yakitoka mji unabadilika sura. Simu zinapokea ujumbe, kina mama wanapiga vigelegele, vijana wanamwagiana poda nyeupe kichwani na kutembea barabarani wakiwa weupe kama walioanguka kwenye gunia la unga. Ninaipenda siku hiyo kwa moyo wote. Nimeona baba mzima, mvuvi, akimwagia bintiye poda huku mikono ikimtetemeka, kwa sababu katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika pale.

Lakini kila mwaka, wiki chache kabla ya sesio, unasikia minong'ono ya namna nyingine. Fulani anazo itemu. Fulani ametumiwa kwenye WhatsApp. Mara nyingi ni uongo wa kuwalia watu pesa, na hata ikiwa ni kweli, kinachonunuliwa ni kile kile kilichokuwa kwenye simu ya pili magotini: namba ya swali na namba ya jibu. Tofauti ni kwamba mchezoni mgawanyiko unaonekana wazi. Maksi ni za shujaa, ujinga ni wa mchezaji, na hakuna anayedanganywa. Kwenye Exetat maksi na ujinga vinakaa ndani ya mwili mmoja, vinavaa poda moja, na mwenyewe anaweza kuishi miaka mingi bila kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachozungumza anapofungua mdomo.

Mtu ataniambia kwamba maksi zinafungua milango, na milango ndiyo maisha. Ni kweli, na mchezo unalijua hilo vizuri sana. Katika Persona 3 kuna msichana aitwaye Mitsuru, kiongozi wa wanafunzi, ambaye hakubali kuwa na urafiki wa karibu na shujaa mpaka maarifa yake yafike ngazi ya juu kabisa. Diploma ya taifa ni mlango wa namna hiyo: bila hiyo huandikishwi Chuo Kikuu cha Kalemie wala kingine, na ofisi nyingi hazitafungua barua yako. Siudharau mlango. Ninachouliza ni nini kinatokea ukishauvuka. Hata Mitsuru, ukishafika mbele yake, anazungumza nawe, na inabidi umjibu.

Wala sisemi kwamba kulijua jibu kabla ya swali ni dhambi. Bibi zetu walitega kitendawili kile kile jioni kwa jioni. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Kila mtoto alikwisha kujua kwamba ni yai, na bado alipiga kelele za kulisema. Hakuna aliyekopia. Yule mtoto, kwa kulisema, aliliona yai upya: ukuta mweupe usio na ufa, na ndani yake kitu kinachoishi bila kuwa kimeingia. Jibu lililokaririwa linaweza kuwa na uhai kamili, mradi linapotoka mdomoni lioneshe kitu. Kwa hiyo kasoro haiko kwenye kukariri, na nadhani walimu wengi tunakosea tunapokaripia kukariri kana kwamba ndiko ugonjwa wenyewe.

Kuna mchezo mwingine wa Kijapani, Final Fantasy VIII wa mwaka 1999, ambamo shujaa Squall anaweza kufanya mitihani ya maandishi 30. Kila mtihani una maswali 10 ya ndiyo au hapana, na ni lazima ayapate yote. Akifaulu anapanda daraja na mshahara wake unaongezeka. Maswali hayo karibu yote yanahusu dunia ile ile anamotembea: nguvu fulani inafanyaje kazi, silaha fulani ina faida gani. Anayenakili majibu atapata mshahara, kisha atakutana na adui bila kujua alichokwisha kukijibu. Ninaupenda mpango huo kwa sababu swali linaulizwa mahali pale pale ambapo jibu lake litahitajika.

Kalemie tunalo swali la namna hiyo, tena liko chini ya miguu yetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yanatokea wapi? Mtoto wa shule ya msingi anajibu bila kupumua: kwa mto Lukuga. Ni sahihi. Mto unatoka ziwani hapa hapa mjini, unaelekea magharibi, unaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo wenyewe, hadi Atlantiki. Itemu imekwisha, maksi moja.

Sasa lichukueni swali hilo hilo mlirudishe nyuma miaka 150. Mwaka 1871 wasafiri Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini mwa ziwa kuangalia kama mto Rusizi unatoka, wakakuta unaingia. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga, akasema huu ndio mto unaotoka, ingawa majani yalikuwa yameziba njia yake asiweze kuufuata mbali. Miaka miwili baadaye Stanley akaja mwenyewe, akakuta matope na mafunjo yamekaa kama ukuta, maji hayana mwendo wa maana, akaandika kwamba Lukuga bado si mto unaotoka, ila utakuwa hivyo ziwa likizidi kupanda. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore alifika akakuta maji yameuvunja ukuta ule na yanakwenda kwa nguvu. Hebu fikirini: kwa muda wa miaka mitano tu, watu watatu walisimama mahali pamoja na kutoa majibu yasiyofanana, na si rahisi kusema nani alikosa. Ziwa lenyewe lilikuwa likibadilika. Na waliokuwa wakiishi kando yake, waliopitisha mitumbwi kwenye mafunjo yale na kuona mwaka huu maji yanasimama na mwaka ule yanakwenda, ndio waliokuwa mashahidi wa mabadiliko hayo.

Anayeijua habari hii anasema «Lukuga» kwa namna nyingine. Neno ni lile lile na maksi ni ile ile, ila ndani yake mna tope, mafunjo, ubishi, na mlango unaoweza kuziba. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba na barabara za mji wetu, niliwasikia watu wazima wakiuliza maji haya yatatokea wapi, na waliuliza kwa hofu, kwani walikuwa wakihamisha magodoro. Wengi wao walilijibu swali hilo shuleni na kupewa alama. Jibu lilikuwa limekaa kwao miaka yote hiyo kama mgeni asiyewahi kukaribishwa ndani. Siku ile ndipo lilipoanza kuwa lao, na lilikuja na maswali ambayo hakuna itemu iliyowahi kuyauliza: mto unapokea kiasi gani, nini kinauziba, nani anauangalia.

Tukirudi kwenye michezo, katika Persona 5, iliyotoka mwaka 2016, waundaji walibadilisha mzani: sasa ukijibu vizuri darasani unapewa maarifa yenyewe moja kwa moja. Nasikitika kwa hilo, maana ule utofauti wa mwanzo ulikuwa na hekima. Hata hivyo mchezo huo umeweka katika maswali yake jambo ambalo nimelichukua nikalipeleka darasani: kanuni ya rangi nne. Inasema kwamba ramani yoyote ya nchi ambazo kila moja ni kipande kimoja unaweza kuipaka rangi nne tu, na majirani wawili wenye mpaka mmoja wasilingane. Iliulizwa mwaka 1852, ikawatesa wanahisabati zaidi ya miaka 120, mpaka Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipoithibitisha mwaka 1976 kwa kutumia kompyuta. Ilibidi kompyuta ipitie hali nyingi mno, na wapo wanahisabati walionung'unika kwamba huu si uthibitisho, kwa kuwa hakuna binadamu aliyeweza kuupitia wote kwa macho yake. Hata huko juu, kwa wakubwa wa elimu, waliuliza lile lile: jibu tunalo, lakini ni la nani?

Nilileta darasani ramani ya Kongo yenye mikoa 26, ile iliyopatikana baada ya Katanga na mikoa mingine kugawanywa mwaka 2015, na penseli nne za rangi kwa kila kikundi. Niliwapa jibu kwanza: nne zinatosha. Niliwaambia kazi yao ni kunionesha kwamba nimesema uongo. Walianzia kwetu Tanganyika, wakaipaka buluu kwa ajili ya ziwa, wakaenda Maniema, wakashuka Haut-Lomami. Kikundi cha kwanza kilipofika katikati ya nchi, msichana mmoja alitupa penseli mezani na kusema hapa mwalimu umeshindwa, hapa lazima rangi ya tano. Jirani yake akasema hapana, tatizo tulilianzisha kule Sankuru, tufute. Wakabishana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa vidole juu ya karatasi. Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka, kwa sababu yule msichana alikuwa bado anafuta.