Mwiba wa Kujidunga

Wazee wetu wana neno: Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Neno hili ni jema likitumiwa mahali pake, maana humfundisha kijana afikiri kabla ya kutenda. Lakini siku hizi twalisikia likitumiwa juu ya jambo lisilolingana nalo, nasi twaona imetupasa kulipima. Mwanamke amekwenda mjini kupasuliwa tumbo ili lirudie umbo lake. Amelipa fedha zake, amerudi nyumbani, na tumbo halikuwa kama alivyotumaini. Je, mtu huyu astahili kuambiwa pole? Tena, anayo haki ya kuuliza na kudai, au yampasa anyamaze kwa kuwa alijitakia mwenyewe?

Pengine mtu atasema ya kuwa hayo ni mambo ya matajiri wa Dar es Salaam, wala hayatuhusu sisi wa Ifakara na bonde la Kilombero. Sivyo. Tangu miaka ya 2022 na 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, huko Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma za kupunguza mwili na kurekebisha umbo, na kliniki za watu binafsi zafanya vivyo hivyo. Matangazo ya kazi hizo yafika katika simu za binti zetu wa Mlimba na Malinyi sawasawa na yanavyofika Kariakoo.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wengi huhukumu wasilolijua. Daktari hukata ngozi chini ya tumbo, tangu nyonga moja hata ya pili. Huondoa ngozi iliyolegea pamoja na mafuta yake. Hukaza misuli ya katikati iliyoachana kwa sababu ya mimba. Kisha hukipatia kitovu tundu jipya katika ngozi iliyovutwa. Si kazi ya jana wala juzi, kwa kuwa mwaka 1899 daktari Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alikwisha kuandika habari za kupasua namna hii. Wala si dawa ya unene, kwani mwili ukinenepa tena au mimba ikiingia, tumbo laweza kulegea kama kwanza. Kovu lake ni refu na halifutiki. Uvimbe hukaa miezi, na kovu huhitaji mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutulia. Tena yako madhara yawezayo kuja hata kama daktari ametenda kazi yake vema: maji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kufumuka au kutunga usaha, ganzi isiyoondoka upesi, upande mmoja kuwa chini kuliko wa pili, na kovu kuvimba na kuwa nene, jambo linalotupata sisi wenye ngozi nyeusi kuliko wengine. La kuogopwa zaidi ni damu kuganda miguuni, kisha ikapanda mapafuni, hilo huua.

Basi na turudi kwenye swali letu. Wanaomnyima mama huyu pole hudhani ya kuwa alisukumwa na kiburi tu. Lakini tuwatazame akina mama wa bonde letu. Yuko aliyezaa watoto sita, wawili kati yao kwa kupasuliwa, na kila mwaka huinama shambani kupanda mpunga na kuuvuna. Misuli ya tumbo lake imeachana, mgongo wamwuma, na ngozi iliyokunjamana yachubuka wakati wa joto. Ni nani awezaye kuonyesha mpaka, aseme, Hapa haja imekoma na hapa urembo umeanza? Mwanamume akipasuliwa busha, nalo likarudi, hakuna amwambiaye kwamba alijitakia. Mbona twawapimia wanawake kwa kipimo kingine?

Lakini haidhuru, na tukubali kwamba mwingine alitaka uzuri tu. Hata hivyo twasema ya kuwa achaguaye jambo hachagui kila kitokacho katika jambo hilo. Mkulima wetu hupanda bondeni, naye ajua ya kuwa mto Kilombero waweza kufurika. Maji yakija yakachukua mpunga wake, kama yalivyowachukulia wengi katika masika ya mwaka 2024, hatumwambii, Ulijitakia kulima bondeni. Twampa pole, na mwenye mbegu humgawia. Alichagua kulima, hakuchagua gharika. Vivyo hivyo mama yule alichagua kisu cha daktari, hakuchagua usaha.

Hata hivyo pole peke yake haitoshi, maana haki nayo yataka sehemu yake. Na ili tusimwonee mgonjwa wala daktari, yatupasa kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kosa. Huenda aliyepasua hakuwa na elimu ya kazi ile, au mahali pale hapakuwa na vifaa, au mgonjwa aliachwa bila kuangaliwa. Hapa kunyamaza si uvumilivu, kwa kuwa anayenyamaza amwacha mwingine aingie shimo lile lile. Nchi yetu inalo Baraza la Madaktari Tanganyika, nayo sheria ya mwaka 2017 yalipa mamlaka ya kupokea malalamiko juu ya daktari na kuyachunguza. Huko Nairobi, mwaka 2024, mwanamke alifariki baada ya kupunguzwa mafuta katika kliniki, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki ile. Kwa nini kungoja mpaka mtu afe? Alalamikaye kwa kweli na kwa ushahidi si mtu asiye na shukrani. Afanya kazi kwa ajili ya wote.

La pili ni madhara yasiyo kosa. Mwili wa mtu si ubao wa seremala. Mafundi wawili wenye mkono mmoja waweza kupata makovu mawili yasiyofanana. Hapa daktari hadaiwi fidia, lakini anadaiwa kweli na utunzaji. Amweleze mgonjwa wazi lililotokea, wala asimkimbie wala kumfokea. Na katika neno hili la kweli, wilaya yetu inao mfano mzuri. Katika kijiji cha Idete watoto walijaribiwa chanjo ya malaria iitwayo SPf66, na mwaka 1994 ilitangazwa kwamba ilipunguza ugonjwa kwa kadiri ya 31 katika mia. Watu walifurahi sana. Baadaye majaribio ya Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga ile, na hayo nayo yakatangazwa hadharani, na chanjo ikaachwa. Kama wataalamu waliweza kuuambia ulimwengu wote ya kuwa tumaini lao kubwa halikutimia, je, daktari mmoja hawezi kumwambia mama mmoja?

La tatu ni tumaini lililopita ahadi. Kidonda kimepona, kazi ni njema, lakini mama aangalia kioo na kulia, maana alitazamia tumbo la msichana wa miaka kumi na minane. Hapa yatupasa kuuliza, Ni nani aliyemtia tumaini lile? Kama ni tangazo lenye picha teule, lisilotaja kovu wala hatari, basi mwenye tangazo anayo sehemu ya lawama, ijapokuwa mkono wa daktari haukukosa. Kama ni moyo wake mwenyewe, dawa yake ni subira na maneno ya upole. Uvimbe wa miezi mitatu si tumbo la mwaka mzima. Na madaktari hupenda kungoja miezi sita hata mwaka kabla ya kurekebisha, maana kuupasua mwili usiokwisha kupona ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Mgonjwa naye anao wajibu. Kabla ya kupasuliwa, aulize kovu litakuwaje, ni madhara gani yaweza kuja, na yakija ni nani atakayemtunza, na kwa fedha za nani. Asitie sahihi hati asiyoielewa, bali aombe asomewe kwa Kiswahili. Baada ya kupasuliwa, azitunze karatasi zake, na asiporidhika arudi kwanza kwa yule aliyempasua. Akijibiwa vibaya, ndipo atafute daktari mwingine.

Wako watakaosema ya kuwa, tukimwonea huruma, tutawashawishi binti wengine wafanye kama yeye. Twajibu kwamba pole si sifa. Mtu aweza kumwambia ndugu yake, Mimi nisingalifanya hivi, na papo hapo akamshika mkono. Bali kumcheka kuna hatari iliyo kubwa. Mwanamke aogopaye kuchekwa huficha homa yake. Hujifunika khanga juu ya kidonda kinachonuka, na akiulizwa husema ni uchovu wa safari. Mguu ukivimba na pumzi ikikata, hungoja mpaka usiku watu wasimwone akienda. Ugonjwa ambao ungalitibiwa mapema katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, au katika hospitali yetu ya Lugala, huwa mauti, kwa sababu ya maneno ya majirani tu.

Basi, ndugu wasomaji, neno lile la mwiba tuliweke mahali pake. Na tumwambie kijana kabla hajajidunga, ndipo litamfaa. Mwiba ukiisha kuingia, kazi iliyobaki ni kuutoa. Maana wazee wetu hawakuacha neno moja tu. Walisema pia, Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi ndio wa kwao. Jirani yako akirudi kutoka mjini naye haonekani kisimani wala shambani, mwende mlangoni, umsalimu, umwulize hali yake. Na akikwambia ana homa, usimwulize alikwenda kutafuta nini. Mwite kijana mwenye pikipiki, umpeleke hospitali siku ile ile.