Mtu wa Hadithi ni wa Nani?

Nataka kuungama neno moja mbele yenu. Nalikuwa mwalimu hapa Kishanda miaka thelathini na zaidi, na katika miaka hiyo yote, kila niliposikia nanga ikilia katika nyumba ya jirani, nalipita upande wa pili wa migomba. Si kwa sababu ya rubisi tu, ingawa ni kweli rubisi na nanga ni marafiki wa siku nyingi. Nilikuwa na sababu mbili, na zote mbili nalizihesabu kuwa za haki.

Ya kwanza ni majina. Katika nyimbo za nanga yumo Mugasha wa ziwa, yumo Wamara, yumo Irungu wa msituni. Na hao ndio waliotambikiwa na wazee wetu. Mapadre waliofika Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Betheli waliokuja Bukoba mwaka 1910, waliwafundisha babu zetu kuacha matambiko hayo, na wengi walioacha tambiko wakaacha na wimbo pia, kama mtu anayetupa kikapu pamoja na kilichooza ndani yake.

Sababu ya pili ndiyo iliyonichoma zaidi, maana mwalimu hupenda jibu liwe moja. Mpiga nanga hasimulii hadithi ile ile mara mbili. Rukiza wa mwimbaji huyu siye Rukiza wa yule. Kachwenyanja wa leo siye wa jana. Mmoja humwongezea shujaa usemi, mwingine humpunguzia. Nami nalijiuliza, Ni nani aliyempa mtu huyu ruhusa ya kutia maneno kinywani mwa mtu ambaye hakumwumba yeye? Nikahukumu kwamba ni uongo, basi, nikapumzika.

Baba yangu mdogo alikuwa mpiga nanga. Nalimheshimu, nalimpelekea sukari na blanketi, lakini alipoutwaa ubao wake na kuanza kuzivuta nyuzi, nilikumbuka daima kwamba nina madaftari ya kusahihisha. Hata hivyo ilitokea katika juma moja kwamba nalimsikia mara mbili bila kupenda: kwanza katika arusi, kisha katika matanga, ambako sikuweza kuondoka. Arusini Rukiza wake alikuwa mtu wa kiburi na mabishano, na watu wakapiga vigelegele. Matangani Rukiza alikaa kimya karibu usiku mzima, na aliyesema alikuwa mama yake, ambaye kule arusini hakutajwa hata mara moja. Alisema maneno mengi, maneno ya mama, na wanawake waliokuwa wameketi juu ya nyasi walijifunika nyuso.

Asubuhi nalimwendea nikamwuliza, “Baba, mama huyu ametoka wapi? Juzi hakuwako.”

Akacheka. “Mwalimu, juzi hapakuwa na aliyefiwa.”

“Lakini umemtungia maneno. Lipi basi ni la kweli, la juzi au la jana?”

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesoma sana. “Mwanangu, Rukiza si wangu. Nimemwazima kwa baba yangu, na yeye alimwazima kwa mwingine. Mwenye kuazima ng’ombe humlisha majani ya kwake. Je, kwa kumlisha amemwiba?”

Sikumjibu. Nalikwenda zangu nikisema moyoni kwamba wazee wana maneno matamu. Alikufa mwaka 1996, na mpaka siku ile sikuwa nimeketi hata mara moja kumsikiliza tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake kwa hiari yangu.

Sasa nieleze jinsi nilivyogeuka. Hakuna aliyenihubiria, ni swali la mtoto. Kila mwaka mwezi wa Desemba nalitunga mchezo wa Noeli kwa watoto wa shule, na mchezo wangu ulisifiwa hata vijiji vya mbali. Kilichopendwa zaidi ni mwenye nyumba ya wageni. Nalimfanya mtu mwenye haraka, ana taa mkononi, anawafukuza Yosefu na Maria. Kisha mkewe anatoka, anamkemea mumewe, anawaonyesha wageni zizi la ng’ombe. Mke yule nalimpa maneno na sauti ya mama yangu mwenyewe. Watu walicheka, kisha wakalia, na mimi nalifurahi.

Mwaka mmoja mtoto wa darasa la tano akaniuliza, “Mwalimu, yule mwenye nyumba yuko katika mstari wa ngapi?” Nikafungua Luka sura ya pili ili nimwonyeshe. Hayuko. Imeandikwa tu kwamba hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba hatajwi, wala mkewe, wala taa. Nikafunua na Mathayo, nikaona kwamba wale mamajusi hawakuhesabiwa kuwa watatu, wala hawakuitwa wafalme. Nalikuwa nimewafundisha watoto hesabu isiyoandikwa!

Usiku ule sikulala vema. Nalitaka kujitetea, nikasema, Langu ni jambo takatifu, la baba mdogo lilikuwa la kishenzi. Lakini tofauti hiyo ni ya watu wanaosimuliwa, si ya tendo lenyewe. Tendo ni moja. Kama kuongeza maneno kinywani mwa mtu wa hadithi ni uongo, basi kosa langu lapita lake, maana mimi naliongeza penye Maandiko, naye aliongeza penye wimbo ambao kila msikilizaji alijua kwamba huongezwa.

Nikaanza kutazama mbali zaidi. Pwani, huko Pate, mwaka 1728, Bwana Mwengo alitunga Utenzi wa Tambuka, juu ya vita vikubwa kati ya jeshi la Mtume Muhammad na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi. Wenye kuandika tarihi wasema kwamba safari ya Tabuk ya mwaka 630 iliisha bila vita. Walakini watu wa pwani hawakumtupa Bwana Mwengo. Na karibu nasi zaidi yuko Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma seminari yetu ya Rubya. Mkristo huyu alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, watu wa zamani kabla ya dini yetu kufika, na hakuwacheka hata kidogo. Kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980.

Na habari ya majina? Baali na Dagoni twawasoma kanisani kwa sauti kubwa, na hakuna anayetoka nje. Kusikia jina la Mugasha si kumchinjia kondoo. Kwa upande huo naona nalitishwa na kivuli.

Lakini msidhani kwamba sasa nakubali kila kitu. Nalimjua mwimbaji mmoja aliyemchukia mjane jirani yake. Alitwaa wimbo wa kale, akamtia ndani yake mwanamke mchawi, akampa mwendo wa mjane yule, na kikohozi chake, na hata ua la nyumba yake. Jina hakulitaja. Kila mtu alicheka, na mjane hakwenda tena kisimani mchana. Huo ndio uongo, nao una madhara kuliko matusi ya wazi, kwa kuwa aliyeumizwa hana la kujibu. Akijibu, ataambiwa, Hiyo ni hadithi tu. Baba mdogo aliongeza maneno ili aliyefiwa apate pa kulilia. Yule aliongeza ili mtu akose pa kupita. Nalipokimbia nanga zote sawasawa, sikuwa na jicho la kuwapambanua hawa wawili, wala siku ile ya mjane sikuwa na la kusema, maana nalikuwa nimekwisha kusema kwamba wote ni waongo.

Wako waliojua mapema kuliko mimi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mtambo wa kunasa sauti, na nanga za Wahaya zimo katika alizozinasa. M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti tendi hizi, akaandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Rukiza wa baba yangu mdogo, yule wa matangani, hakunaswa na mtu.

Mwezi uliopita nalikwenda kwa mwanawe kuuliza habari za nanga ile. Akaniambia nyuzi zilikatika zamani, na ubao huutumia kuanikia kahawa. Nikauona uani, umejaa buni. Nikamwuliza kama akumbuka lolote la mama wa Rukiza. Akasema akumbuka mwanzo, na kipande cha katikati, lakini mwisho hana, itampasa autunge mwenyewe; kisha akaninyamazia, akingoja nimkemee kama zamani. Nikamwambia nitakuja Jumamosi na daftari.