Akidi Isipotimia

Kila muhula swali hili huturudia: waliofika mkutanoni ni wachache kuliko idadi iliyoandikwa katika katiba ya jumuiya, lakini jambo lililo mezani ni la kheri, tena la haraka. Je, inafaa tupige kura tuendelee?

Wapo wasemao inafaa. Asiyekuja, wanasema, amejinyima mwenyewe, na uvivu wa wengi usiwafunge mikono wachache wenye bidii. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo naona inakosea mahali pamoja. Akidi si haki ya waliohudhuria hata waweze kuisamehe. Ni haki ya wasiokuwepo, na haki ya mtu haisamehewi na mwingine.

Jambo hili tunalijua katika ibada. Kwa madhehebu ya Shafii, Ijumaa huhitaji watu 40. Hanafi huridhika na wachache zaidi. Wamekhitalifiana juu ya idadi, lakini hakuna hata moja kati ya madhehebu manne linalomruhusu mtu kuiswali peke yake. Idadi isipotimia, nia njema haiifanyi iwe Ijumaa, tunaswali Adhuhuri.

Hapa Uganda, Bunge lilipitisha Sheria ya Kupinga Ushoga tarehe 20 Desemba 2013, na Mahakama ya Katiba ikaibatilisha tarehe 1 Agosti 2014. Majaji hawakuhukumu yaliyomo ndani yake. Ilitosha kwamba akidi haikutimia. Wingi wa walioiunga mkono nje ya Bunge haukuiokoa.

Lakini kuna dhuluma ya upande wa pili: mwanachama anayeona kura itamshinda, akanyanyuka na wenzake ili akidi ivunjike. Huyo ameigeuza ngao kuwa silaha. Kama hakubali, abaki aseme, kisha apige kura ya hapana. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 38, mashauriano yametajwa baina ya kusimamisha Swala na kutoa katika riziki. Basi kuhudhuria nako ni wajibu, si hisani tunayoifanyia kamati.

Idadi ikitushinda kila mara, tuipunguze kwa njia ya katiba, katika mkutano uliotimia. Kabla ya hapo tuahirishe, tupeane taarifa mapema, tuvumilie. Kheri iliyopatikana kwa kuruka haki za wenzetu itatufundisha kuruka tena, siku ambayo jambo si la kheri.

Wallahu a'lam.