Ramani Inayokiri Mashaka

Mshauri wako akikuambia "sina hakika kamili," je, amekupunguzia msaada au amekuongezea? Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwalimu, mganga na bwana shamba hawana budi kuwa na jibu moja lisilotetereka. Mimi niliyetumia miaka mingi kuwafundisha walimu nina maoni tofauti, na mfano wangu ni udongo.

Siku hizi ziko ramani za udongo zinazotengenezwa kwa kompyuta. Mojawapo, iitwayo iSDAsoil, ilitolewa mwaka 2020 nayo huligawa bara la Afrika katika miraba midogo yenye upana wa mita 30. Mkulima wa Kitaya, kando ya mto Ruvuma, aweza kusomewa hali ya udongo wa shamba lake bila mtu kushika jembe. Lakini hakuna aliyechimba kila mraba. Wataalamu hupima udongo wa mahali pachache, kisha kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na mvua, mwinuko wa ardhi na picha za setilaiti, ikakisia palipobaki. Kila namba katika ramani hiyo ni makisio.

Kwa sababu hiyo, ramani ya kiungwana huonyesha pia mpaka wa chini na wa juu wa makisio yake. Tuseme imeandika kwamba pH ya shamba ni 5.8, na kwamba kwa uwezekano wa asilimia 90 kipimo halisi kimo kati ya 4.9 na 6.7. Maana yake, katika mashamba 10 ya namna hiyo, tutarajie 9 yawe ndani ya mipaka hiyo na moja liwe nje. Sasa tazama: namba hiyo ikishuka chini ya 5.5 hivi, tindikali huzidi, na alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi ya mahindi. Namba 5.8 peke yake yasema, "Huhitaji chokaa." Mipaka yake yasema, "Pima kwanza." Hayo ni mashauri mawili tofauti.

Wala udogo wa mraba usitudanganye. Mwalimu anajua kwamba wastani wa darasa waweza kueleza vizuri hali ya darasa zima, usiseme mengi juu ya mtoto mmoja. Vivyo hivyo, makisio ya wilaya nzima huwa na mashaka machache kuliko ya mraba mmoja. Na kwetu udongo hubadilika upesi: kichanga chekundu cha Uwanda wa Makonde, mfinyanzi wa mabonde ya mpunga, tope la mikoko mlangoni mwa Ruvuma.

Historia yatufundisha gharama ya hakika isiyo na msingi. Mwaka 1936 Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanga, alitoa ramani ya udongo ya Afrika Mashariki, akaiita kwa jina lake lenyewe ramani ya muda. Miaka kumi baadaye, mwaka 1946, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, ukitumia sana ndege, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga. Huko Kongwa mvua ilipungua, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 Uingereza iliuacha mpango huo baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Bandari yetu ya Mtwara ilianzishwa kwa ajili ya karanga hizo. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa.

Wako wanaosema kwamba mashaka yatamchanganya mkulima. Sikubali. Mkulima wetu huchanganya muhogo, mahindi na mbaazi katika shamba moja kwa sababu hajui ni zao gani litakalomwangusha mwaka huo. Ameishi na mashaka kabla ya kompyuta kuzaliwa. Kumficha mashaka ni kumnyang'anya haki ya kuamua atahatarisha kiasi gani cha mali yake. Mshauri akikosea, mshahara wake hauguswi. Mkulima akikosea, ghala hubaki tupu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, mashaka yasigeuzwe kisingizio cha uvivu. Anayesema "sijui" akaketi hatusaidii. Anayesema "najua kiasi hiki, na kutoka hapa sijui" ametuonyesha mahali pa kuchimba. Basi, ye yote apelekaye namba shambani aipeleke pamoja na mipaka yake, na aieleze kwa lugha ya yule atakayeilipia.